Ua wa ndani wa hoteli za Mji Mkongwe: tazama paa kabla ya chumba

Hoteli za Mji Mkongwe hutangazwa kwa picha za samadari iliyofunikwa chandarua na bahari inayoonekana dirishani. Kitu kikubwa zaidi walichonacho wenye hoteli hizo mara nyingi hakimo pichani: ua wa ndani, ile nafasi iliyoachwa katikati ya jumba, roshani zikiizunguka ghorofa baada ya ghorofa, mwanga ukishuka kutoka juu mpaka sakafu ya chini. Mtu akitoka kwenye uchochoro wa Kiponda au Shangani, akavuka kizingiti na ukumbi wenye giza wa mlangoni, kisha akafika katikati na kuinua uso, hapo ndipo anapofahamu kwa nini majumba haya yalijengwa hivi. Tathmini hii ni ya nyua hizo. Vitanda na kifungua kinywa vimeshaandikwa sana.

Hukumu yenyewe tuitoe mapema. Ua ulio wazi juu, au uliofunikwa kwa paa lililoinuliwa na kuachiwa upenyo pande zote, unastahili pesa na muda wako hata kama hoteli yenyewe ni ya kawaida. Ua uliozibwa kabisa kwa plastiki au kioo usiulipie, hata kama milango imechongwa kwa ufundi wa ajabu. Hizo mita mbili tatu za juu kabisa zinakueleza zaidi kuhusu usiku utakaolala kuliko nyota zilizobandikwa mlangoni.

Jumba la zamani la mjini linabebwa na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi, na sakafu zake zimelazwa juu ya boriti za mikandaa, miti ya jamii ya mikoko. Boriti haiwezi kuwa ndefu. Ikipita mita tatu hivi inaanza kupinda kwa uzito wa mawe na chokaa iliyoshindiliwa juu yake. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, na fundi aliyetakiwa kujenga jumba pana alilazimika kuvipanga kuzunguka nafasi iliyo wazi, ama sivyo vya katikati visingepata mwanga wala hewa. Ondoa ua, na nusu ya jumba haikaliki.

Kazi yake ya hewa inakwenda hivi. Mchana kuta za juu zinapata joto la jua, hewa iliyo karibu nazo inapanda na kutoka, na nafasi yake inajazwa na hewa inayoingia kwa mlango mkubwa na madirisha ya chini yanayotazama uchochoro wenye kivuli. Usiku mambo yanageuka: dari, yaani sakafu ya wazi iliyo juu kabisa ya jumba, inapoa upesi, hewa iliyopoa inazama ndani ya ua, na kuta zinaachia joto zililolishika mchana kutwa. Unene wa kuta unachelewesha joto, ndiyo maana chumba cha chini saa nane mchana bado kina ubaridi wa asubuhi. Lakini yote hayo yanategemea juu kuwe na njia ya kutokea. Ukipaziba, hewa ya moto inajikusanya chini ya paa, na vyumba vya ghorofa ya mwisho, ambavyo kwa kawaida ndivyo vya bei kubwa, havilaliki bila kiyoyozi.

Kuna njia ya kupima isiyohitaji kifaa. Hoteli nyingi hufukiza udi karibu na mapokezi, khasa jioni. Simama utazame moshi wa chetezo. Ukipanda taratibu, ukapita roshani ya kwanza, ya pili, kisha ukapotea juu, ua unapumua. Ukipanda mpaka usawa wa ghorofa ya pili kisha ukatanda pale kama wingu jembamba bila ya kwenda popote, basi joto la juu ni kubwa kuliko la chini na limeuziba njia. Usichukue chumba juu ya usawa huo. Kipimo hiki kinafaa zaidi baada ya saa tisa mchana, jua likiwa limeshafanya kazi yake kwenye paa. Asubuhi mapema karibu kila ua utafaulu, kwa hiyo usihadaike na ubaridi wa saa mbili.

Mapaa yenyewe ni ya namna nne. Lililo bora ni la bati au vigae lililosimamishwa juu ya nguzo fupi, likaacha upenyo wa nusu mita hadi mita moja kati yake na ukuta wa dari. Mvua haiingii, moshi na joto vinatoka. Kasoro yake huja pale fundi anapobania ukingo. Mvua ya masika ikija na upepo haishuki wima, inapiga kwa ubavu, na paa lisilotokeza nje ya ukuta kwa kiasi cha mita nzima litaruhusu maji kuingia kwenye roshani ya juu. Tafuta alama zake: mbao za ukingo wa roshani hiyo zinakuwa nyeusi upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo, na ubao wa sakafu unabonyea ukiukanyaga.

Namna ya pili ni ua ulioachwa wazi kabisa, kama ulivyokuwa tangu mwanzo katika majumba mengi. Huo ndio mzuri kuliko yote kwa macho, na ndio unaomtesa zaidi mwenye hoteli. Maji yote ya mvua yanashuka katikati ya nyumba na lazima yatoke kwa tundu moja au mawili ya sakafuni. Vyungu vya maua vikiwekwa juu ya matundu hayo, au majani yakiziba, mvua ya nusu saa inatosha kuingiza maji vyumba vya chini. Kabla ya kuchukua chumba cha chini kwenye ua wa wazi, tafuta tundu la maji kwa macho yako. Likiwa safi, lina kichujio, na sakafu inaelemea upande wake, hoteli inajua inachokifanya.

Ya tatu ni turubai. Huwekwa kwa muda na kuachwa kwa miaka. Inajikusanyia maji tumboni, inaota ukungu, na jua linaila mpaka inachanika. Hakuna zaidi la kusema.

Ya nne ndiyo inayotuuma, kwa sababu imeenea na huitwa maendeleo: paa la plastiki ya mawimbi au la kioo lililokazwa mpaka ukutani. Mwenye jumba anapata ukumbi usionyeshewa na mvua, anapanga viti vya kulia chakula, na picha zinatoka vizuri. Plastiki hiyo, ikishapigwa na jua la kwetu miaka michache, inageuka njano, inakauka na kuwa rahisi kuvunjika, na kila tundu la msumari linakuwa mlango wa maji. Mwanga unaoshuka chini unakuwa wa ugonjwa, si ule mweupe unaoinua michongo ya mbao. Unyevu wa kupikia, kufua na kupumua haupati pa kutokea, unaingia kwenye kuta, na baada ya misimu miwili unaona ukungu wa kijivu kwenye pembe za dari ya ghorofa ya juu. Dawa yake ni ndogo na haihitaji kubomoa: inua paa hilo kwa nusu mita tu juu ya nguzo, weka wavu wa kuzuia popo na kunguru, basi.

Kosa jengine linalokwenda pamoja na paa lililozibwa ni viyoyozi. Kiyoyozi kina sehemu mbili, ile ya chumbani inayotoa ubaridi na ile ya nje inayotupa joto. Kwa kuwa sheria za uhifadhi hazipendi mashine zining'inie kwenye uso wa jumba unaotazama mtaa, na ni sawa zisipende, baadhi ya hoteli huzificha ndani ya ua. Matokeo yake vyumba kumi vinatupa joto lao katika nafasi moja isiyo na njia ya juu, halafu vinajaribu kujipoza dhidi ya joto hilohilo. Mashine zinafanya kazi bila ya kupumzika, zinavuma usiku kucha, na maji yake yanadondoka roshani kwa roshani. Pahala pake ni juu ya dari, nyuma ya ukuta wa ukingo, ambapo hazionekani na mtaa wala hazimsumbui mgeni. Ukiingia ua ukasikia mvumo kabla hujasikia ndege, omba kuona hoteli nyengine.

Tazama na mita moja ya chini ya kuta. Matumbawe yananyonya maji ya ardhini na chumvi, na chokaa inayaacha yatoke polepole. Ukuta ukipigwa lipu ya saruji, maji hayapati njia, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inasukuma lipu mpaka inabanduka kama maganda. Rangi iliyotuna au kubanduka kwa mstari wa usawa wa kiuno ni dalili ya saruji. Mstari huo ukiwa usawa wa kichwa, saruji ilipigwa zaidi ya mara moja. Ukuta wa chokaa wenye mabaka ya rangi ya maziwa usiuogope. Unafanya kazi yake.

Sasa jua. Wengi huenda jioni kwa ajili ya kuliangalia likizama kutoka juu ya dari, na ni haki yao, lakini saa ya ua ni mchana kati. Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 8 Oktoba. Katika siku hizo ua wa kina chochote hujaa mwanga mpaka sakafuni, na vivuli vya nguzo za roshani vinashuka wima bila ya kuegemea popote. Juni ni habari nyengine, maana jua la mchana huelemea kaskazini kwa pembe ya nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Chukua ua wenye upana wa mita 6 kutoka kaskazini hadi kusini na kina cha mita 12, ambacho ni kina cha ghorofa tatu za zamani. Jua la Juni litashuka mita 10 na nusu kwenye ukuta wa kusini na kuishia hapo; sakafu haitalipata. Disemba jua huelemea kusini lakini limesimama zaidi, nyuzi 73 hivi, na linafika chini na kuangaza ukanda wa mita mbili na kidogo upande wa kaskazini. Kwa hiyo anayekwenda kupiga picha kipindi cha kusi asitarajie sakafu yenye jua, atafute roshani ya ghorofa ya pili upande wa kusini. Mwanga uko huko.

Mchana kati wa jua kwetu si saa sita kamili. Mwanzoni mwa Oktoba ni kama saa 6 na dakika 10, mwanzoni mwa Machi ni kama saa 6 na dakika 35. Asiyetaka hesabu aitazame kalenda ya nyakati za swala iliyobandikwa karibu kila msikiti: adhuhuri huingia jua likishapinduka, basi robo saa kabla ya adhana ndiyo saa ya kuwa umeshasimama katikati ya ua. Siku ya Ijumaa panga vyengine. Kati ya saa sita na nusu na saa nane wafanyakazi wengi wako msikitini, huduma huwa ya polepole, na si adabu kumhimiza aliyebaki peke yake.

Kwa anayeanza, asiende hotelini kwanza. Aende Mizingani, kwenye jengo la Dispensari ya zamani. Lilianzishwa na tajiri wa Kihindi Tharia Topan mwaka 1887 na likamalizika 1894, yeye akiwa ameshafariki, na Aga Khan Trust for Culture ikalikarabati miaka ya 1990. Ua wake wa ndani una roshani za mbao zilizochongwa na vioo vya rangi, na hakuna mtu atakayekuuliza umeweka chumba gani. Ukishaijua ramani ya jengo hilo, ya hoteli utaisoma upesi.

Kisha nenda Hurumzi, kwenye Emerson on Hurumzi. Jumba hili nalo ni la Tharia Topan, na ni miongoni mwa marefu zaidi ya Mji Mkongwe. Hapa safari ni ya ngazi: unapanda hatua kwa hatua mpaka juu ya dari, kunakoliwa chakula, na kila mgeuko wa ngazi unakupa jumba kwa upande mwengine. Chakula cha jioni cha juu huagizwa mapema, si jambo la kufika na kukaa. Hoteli ndugu yake, Emerson Spice ya Kiponda, ina mkahawa uliowekwa ndani ya gofu la jumba la jirani, kuta zimebaki na paa halipo, mimea imepanda mpaka juu. Anayetaka kufahamu ua ni nini pindi dari zote zikiondoka na kubaki anga, akae pale.

Shangani kuna mambo mawili ya kutazama kwa kulinganisha. Park Hyatt iliyofunguliwa 2015 imo ndani ya Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 lililowahi kuwa makao ya ubalozi mdogo wa Uingereza kuanzia 1874 hadi 1913. Hapo utaona jumba la kale lililofungwa mitambo ya hoteli ya kisasa, na ni somo zuri kwa yeyote anayeuliza kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Karibu na Forodhani iko Tembo House, ambayo bwawa la kuogelea limechukua nafasi ya katikati na upande mmoja uko wazi kuelekea pwani, kwa hiyo hewa ya bahari inaingia bila ya kusubiri mlango wa mtaani. Haiuzi pombe, jambo linaloifanya ifae kwa familia nyingi za hapa zinazotaka kukaa na watoto na wazee kwa sharubati ya ukwaju bila ya wasiwasi.

Na ua mkubwa kuliko wote haukuwa wa hoteli. Beit el-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya Sultani Seyyid Barghash, iliyojengwa 1883, ilikuwa na ukumbi wa katikati uliofunikwa na kuzungukwa na roshani za ghorofa zote, taa za umeme, na lifti iliyokuwa ya mwanzo katika Afrika Mashariki. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wakafa. Mwenye hoteli yeyote anayeahirisha kutengeneza paa la ua wake mpaka msimu ujao akumbuke tarehe hiyo, kwa kuwa maji yanayoingia juu hayaozeshi mbao tu. Yanafika kwenye vyuma vilivyofichwa ndani ya sakafu, vyuma vinafanya kutu, kutu inatanuka, na jiwe linapasuka kwa ndani kabla nje hakujaonekana kitu.

Wafanyabiashara wa Darajani na Mlandege wanaokwenda Dubai mara kwa mara husema kwetu hakuna la kulinganisha na yale ya kule. Ni kweli hatuna hoteli ya mnara, ingawa Fumba ulitangazwa mnara wa mbao wa ghorofa 28. Ua wa ndani wa Burj Al Arab, hoteli ya Dubai iliyofunguliwa 1999, una urefu wa kama mita 180. Shanghai, ndani ya mnara wa Jin Mao wenye ghorofa 88, hoteli ya Grand Hyatt ina ua wa duara wenye kipenyo cha mita 27 unaoanzia ghorofa ya 56, na mtu akipanda ghorofa ya 88 anaweza kuuchungulia kutoka juu. Mtindo huo ulipata nguvu Atlanta, Marekani, pale mjenzi John Portman alipofungua hoteli ya ghorofa 22 mwaka 1967 yenye ua mkubwa na lifti za kioo zinazopanda mbele ya macho ya watu, halafu 1985 akaleta Marriott Marquis ambayo ua wake unapita ghorofa 47.

Ni kazi kubwa na zinastahili kuonwa. Lakini ua wa mnara hauwezi kufunguliwa juu. Kwenye jengo refu hivyo, tofauti ya joto kati ya ndani na nje ingevuta upepo wa kufunga milango kwa kishindo, na moto ukitokea moshi ungejaza kila roshani. Kwa hiyo hufungwa, hupozwa kwa mashine mchana na usiku, na huwekewa mafeni makubwa ya kufyonza moshi na mabomba ya kunyunyiza maji. Umeme ukikatika bila ya jenereta, mahali pale hapakaliki. Ua wa Hurumzi umeme ukikatika unaendelea kupoza kama jana. Na kuna jambo la macho: kutoka mita 12 unamtambua aliyekaa chini, unamsikia akikuita, unamjibu bila ya kupaza sauti. Kutoka mita 140 unaona nukta. Atakayepata bahati ya kuona vyote viwili aangalie ua wa mnara kutoka chini, na wa kwetu kutoka roshani ya katikati, mkono ukiwa juu ya ubao uliolainishwa na mikono ya waliotangulia.

Wenyeji wengi wa Unguja wamepita mbele ya milango hii maisha yao yote hawajaingia, wakidhani ni ya wageni. Inasikitisha, na haina haja kuwa hivyo. Hoteli nyingi zina mkahawa, na mkahawa uko wazi kwa anayelipa. Ingia kwa mlango mkubwa, toa salamu kwa aliyeko mapokezi, mwambie wazi: "Dada, tumekuja kunywa chai, na tungependa kuuona ua na kupanda juu kama hapana tabu." Ukiomba hivyo utakataliwa kwa nadra, isipokuwa pakiwa na shughuli. Usianze kupiga picha kabla ya kuagiza, na usielekeze kamera kwenye milango ya vyumba. Hadi 2025 bei mara nyingi ziliandikwa kwa dola. Uliza kwa shilingi kabla ya kuagiza, na uliza kama kodi na huduma zimo ndani. Tofauti ya hapo ndiyo inayozua maneno wakati wa kulipa. Mwezi wa Ramadhani huduma ya mchana kwa kawaida hupunguzwa na kuwekwa pasipoonekana na mtaa, basi nenda baada ya futari. Ua wa usiku una taa chache na sauti nzuri.

Kwa anayelala, chumba kichaguliwe kwa masikio pia. Ua hupandisha sauti kuliko joto. Mazungumzo ya mapokezi, sahani za jikoni, mabegi ya wageni wanaowahi boti ya asubuhi, yote yanafika ghorofa ya tatu yakiwa kamili. Chumba chenye dirisha la uani tu kitakuamsha alfajiri. Chenye madirisha pande mbili, moja uani na moja mtaani, ndicho bora, kwa sababu ukifungua yote mawili hewa inapita, na ukitaka kulala unafunga la uani. Jiko likiwa chini na mlango wake unafunguka uani, harufu ya samaki wa kukaanga italala na wewe. Uliza jiko liko wapi. Ni swali la kawaida, halimuudhi mtu.

Ngazi zinahitaji tahadhari ya kweli. Hatua nyingi zinapita sentimita 20 kwenda juu, hazilingani, na hatua ya kwanza au ya mwisho mara nyingi ni ndefu kuliko nyenzake, hapo ndipo watu wanapojikwaa. Hoteli nyingi hazina lifti. Mzee mwenye magoti mabovu achukuliwe chumba cha ghorofa ya kwanza, si cha chini chenye unyevu wala cha juu chenye mandhari. Kingo za roshani za zamani ni fupi, baadhi zinaishia chini ya kiuno cha mtu mzima, na nafasi kati ya vijiti vyake zilipimwa kwa uzuri. Kunja ngumi uipitishe hapo: ikipita bila ya kugusa, mtoto mdogo asiachwe peke yake kwenye roshani hiyo hata kwa dakika moja.

Na uliza njia ya pili ya kutokea. Ua wenye ngazi za mbao ndio huohuo unaopandisha moto, kama bomba la moshi, na jumba lenye mlango mmoja na ngazi moja linakuwa hatari usiku. Hoteli makini itakuonyesha ngazi ya nyuma au njia ya kupita juu ya dari kwenda jumba la jirani, na vizimamoto kila ghorofa vyenye kadi ya tarehe ya kukaguliwa. Anayekujibu kwa kucheka, mshukuru kwa chai na uende zako.

Msimu nao una neno lake. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei masika inanyesha, baadhi ya hoteli hufunga au hupunguza bei sana, na ndio wakati wa kukagua kuliko yote: paa linalovuja haliwezi kufichwa siku ya mvua. Anayetaka kuweka chumba kwa ajili ya harusi au wageni wa Disemba aende Aprili, mvua ikinyesha, asimame chini katikati ya ua na aangalie maji yanakwenda wapi.